Tupeane uzoefu: mtaa uliopanga na afya ya mtoto wako

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba tusimuliane jinsi makazi yetu yalivyowagusa watoto wetu kiafya, nami nitaanza.

Mwanangu wa pili alizaliwa tukiwa tumepanga chumba kimoja karibu na Mwanjelwa, hapa Mbeya. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilipokaza, tulikuwa tunapikia mlangoni, kisha usiku tunaliingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto. Dirisha lilikuwa na upana wa daftari, nalo tulilizibia kiroba. Usiku mmoja mtoto alianza kupumua harakaharaka, na nilipomfunua nguo niliona nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Zahanati waliniambia ni kichomi, yaani nimonia, na msimu ule peke yake alikipata mara tatu. Matibabu yalikuwa bure kwa kuwa watoto wa chini ya miaka 5 wamesamehewa gharama, lakini nauli ya bajaji na siku za kibarua nilizopoteza hakuna aliyenisamehe. Kila mara tulitibiwa vizuri, tukarudi kwenye chumba kilekile na jiko lilelile.

Tulipohamia nyumba yenye jiko la nje, kichomi hakikurudi. Inawezekana kwamba mtoto alikuwa amekwisha kukua na kupata nguvu, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni nyumba tu. Ila ninapopita Uzunguni, kwenye viwanja vipana na miti mirefu, hukumbuka kwamba mji huu ulikua enzi za mkoloni kwa dhahabu ya Lupa, ukagawiwa kwa rangi za watu, na majina ya Uzunguni na Uhindini tunayatumia mpaka leo. Siku hizi mgawanyo ni wa kodi ya nyumba. Karibuni.

*Mama wa watatu, Iringa*
Pole sana, dada. Kwangu tatizo lilikuwa maji. Tulikaa bondeni, ambako choo cha shimo cha jirani kilikuwa juu yetu na kisima chetu chini yake, na mvua za masika zilipochanganya, mwanangu alikuwa anahara kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulitoka rangi ya kijani ukaingia kijivu, nami nikalaumiwa kwamba simlishi, ilhali uji wa lishe alikuwa anamaliza kikombe. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kuwa utumbo unaoshambuliwa na vijidudu mara kwa mara hushindwa kufyonza chakula hata kikiwa kizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa takribani asilimia 30. Watu hushangaa mkoa wa mahindi na maharage udumae. Mimi sishangai tena.

*Baba wa mmoja, Forest, Mbeya*
Sisi tuna maji ya bomba na geti, na wangu hajaugua kichomi. Hata hivyo hatoki kucheza, na rafiki yake mkubwa ni televisheni. Sisemi kwamba shida zetu zinalingana na zenu.

*Mhudumu wa afya, Uyole*
Shikamooni wakubwa. Naomba niongeze kwa aliyeanzisha mada: Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa moshi wa kupikia ndani unakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa mtoto mdogo kupata nimonia. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa lina hatari nyingine pia, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Ukiona mbavu zinabonyea kama alivyoeleza dada, usisubiri kupambazuke.

*Mwenye nyumba, Mbeya*
Nimesoma kimyakimya tangu juzi. Nina vyumba sita vya kupangisha, na madirisha niliyafanya madogo kwa sababu mbili, yaani baridi na wezi, na sikuwahi kuwaza kwamba wapangaji wanalala na jiko. Jana nilizunguka nikakuta majiko manne ndani, na katika chumba cha mwisho ukuta wa upande wa kitanda cha mtoto umekuwa mweusi hadi kwenye dari. Fundi amenipigia hesabu ya kuezeka kibanda cha kupikia uani kwa mabati nane. Swali langu kwenu mliopanga: mkiwa na kibanda cha nje, usiku wa baridi ya Julai mtapata wapi joto?

*Aliyeanzisha mada*
Mzee wangu, shikamoo. Sisi tulinunua blanketi zito la mtumba na tukaziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, huku dirisha tukiliacha wazi kidogo kwa juu. Wiki ya kwanza tulitetemeka.