Naomba ushauri: kumtambua amiba wa ubongo kabla hatujachelewa

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi maabara, na jambo hili linaninyima usingizi. Mgonjwa akiletwa na homa kali, kichwa kinamuuma vibaya na shingo imekaza, kisha maji ya uti wa mgongo yakaonyesha usaha bila bakteria, wengi hudhani ni homa ya uti wa mgongo ya kawaida. Kumbe amiba huyu, Naegleria fowleri, huleta picha ileile, na mara nyingi huua ndani ya wiki moja tangu dalili zianze.

Rangi ya Gram, ile ya kutambulia bakteria kwa darubini, haimwonyeshi vizuri. Huonekana kwenye tone bichi la maji hayo ya uti wa mgongo ambalo halijawekwa kwenye friji, akijongea katikati ya chembe nyeupe, tena anafanana nazo mno! Mliowahi kumwona, mlimtofautishaje? Mnapasha slaidi joto kidogo kwanza?

Na madaktari: mgonjwa akisema aliogelea ziwani na maji yakamwingia puani, mnaanza dawa za amfoterisini B na miltefosini papo hapo, au mnasubiri kipimo cha vinasaba? Msichana mmoja aliyepona Marekani mwaka 2013 aliwahishiwa dawa, na mwili wake ukapozwa ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Kuna aliyewahi kufanya hivyo?