Mjadala: Pesa ya umma imsomeshe binti wa Lamu Kifaransa chuo kikuu?

MWENYE MADA (Langoni)
Assalaam aleikum wana Amu. Binti mmoja wa mtaani kwetu amepata nafasi chuo kikuu, shahada ya Kifaransa, lugha na utamaduni wake wa leo. Akaomba basari. Mjumbe mmoja wa kamati akamwambia mbele ya mamake kuwa pesa za umma ni za wauguzi na wahandisi, "Kifaransa utazungumza na nani hapa, na punda?" Watu wakacheka.

Nauliza wazi: alipiwe au asilipiwe? Mimi nasema alipiwe. Habib Swaleh aliyetuachia msikiti wa Riyadha alitoka Komoro, na wageni wa huko bado wanakuja Maulidi. Kwao Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kikomori na Kiarabu. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na serikali yake huandika kwa Kifaransa. Hawa ni ndugu na majirani, si wageni wa kulala Shela wiki moja wakaondoka.

FUNDI MASHUA
Ndugu, nenda Malindi. Vijana wa ufukweni wanamwaga Kitaliano na wengi wao hawajakanyaga darasa la chuo. Lugha hushikwa kwa sikio na kwa njaa. Na huyo Mkongo wa Goma au Lubumbashi si anaongea Kiswahili? Mnataka kumlipia mtu miaka yote hiyo ajue Wafaransa wa leo wanaishi vipi? Ili iweje?

KLIARING MOMBASA
Fundi, nakuheshimu, lakini hayo ni ya ufukweni. Mimi mzaliwa wa Mkomani ya Lamu, kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Na dereva wa Lubumbashi tunapiga soga kwa Kiswahili mpaka chai inapoa. Shida huanza makaratasi yakitoka. Hati za forodha ya kwao, barua ya benki, madai ya bima mzigo ukilowa: Kifaransa, tena Kifaransa cha ofisini. Sharti moja likikupita, kontena linalala na gharama inapanda kila siku. Tukikwama tunampigia Mkongo mmoja hapo mjini, naye hututoza anavyotaka. Programu za simu zinatafsiri, ndiyo, lakini kesi ikifika mahakamani simu haiitwi kutoa ushahidi.

Huo ndio ujuzi wa shahada: kuandika, kutafsiri, kusimama ukajibu. Na hata huo utamaduni wa leo mnaoudharau una faida yake. Mfaransa au Mkongo wa ofisini anaweza kukukatalia kwa adabu nyingi hadi ukadhani amekubali, kama hujui desturi ya barua zao. Ngazi zenyewe zinapimwa: mtihani wa Kifaransa uitwao DELF huanzia ngazi ya chini, A1, mpaka B2, na vyuo vingi vya Ufaransa hutaka B2 kabla ya kukupokea. Lugha ya ufukweni haifiki huko hata kwa kusukumwa.

MAMA WA WAWILI
Mimi suala langu si kazi. Ufaransa wanawavua watoto hijabu. Mwaka 2023 wakapiga marufuku hata abaya shuleni. Leo pesa ya watu wa Lamu imfundishe binti wa Kiislamu kupenda mambo hayo?

MWENYE MADA
Mama, wasiwasi wako una haki yake, ila tuwe sahihi. Sheria yao ya 2004 ya kukataza hijabu inahusu shule za serikali hadi sekondari. Mwanafunzi wa chuo kikuu haimgusi, anaingia darasani na hijabu yake. Sheria ile siipendi na sitaitetea. Lakini binti huyu anasoma hapahapa Kenya, na kusoma jambo si kulipenda. Kukitokea haja ya kuwajibu kwa lugha yao, tutamtuma nani? Mimi?

Tena utamaduni wa Ufaransa wa sasa si wa Wazungu watupu. Marseille kuna Wakomoro tele. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliimba mwanamuziki Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako, Mali, na kwa miezi kadhaa kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wamegombana kama anafaa kuwawakilisha. Akaimba mbele ya jengo la Akademia inayolinda lugha yao, huku bendi ya askari wa serikali ikimpigia! Ugomvi kama huo ndio ningependa vijana wetu wausome.

MZEE WA SHELA
Mnapanda jahazi linalozama. Rwanda ilihamishia masomo kwenye Kiingereza mwaka 2008. Mali ilikivua Kifaransa hadhi ya lugha rasmi katika katiba ya 2023. Mwaka 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zikatangaza kujitoa katika jumuiya ya nchi za Kifaransa. Wenyewe wanakikimbia, sisi tunakitafutia basari.

KLIARING MOMBASA
Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa. Lakini Louise Mushikiwabo, anayeiongoza jumuiya hiyo tangu 2019, ni wa Rwanda hiyohiyo. Hawakukitupa, wamekiweka pembeni wakitumie wanapotaka. Nasi mizigo yetu haiendi Bamako, inakwenda Kongo.

MWALIMU MSTAAFU
Alipiwe, kwa sharti. Kifaransa peke yake sikipendi. Achukue ualimu, Kifaransa na Kiswahili. Mtaala mpya unacho Kifaransa kati ya lugha za kigeni za kuchagua, lakini mtoto atachagua nini kama shule haina mwalimu? Ufaransa asiiwekee matumaini: mwaka 2019 ada iliyopangiwa wanafunzi wa nje ya Ulaya kwa shahada ya kwanza ilitoka euro 170 hadi 2,770 kwa mwaka, ingawa vyuo kadhaa huwasamehe.

Kisha, basari ipi? Ya kaunti au ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo la ubunge? Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo kikuu ni cha serikali kuu. Msimbane asiyehusika.

FUNDI MASHUA
Akirudi mwalimu, sina neno. Akirudi mtunga mashairi, mimi simo.

MWENYE MADA
Fomu ilikuwa ya CDF, maalim. Hilo la ualimu nitamuuliza binti mwenyewe jioni. Sote tumempangia maisha hapa na yeye hajaandika hata neno moja.