Tuliojitolea kufundisha ugenini, Kigoma na Tabora: tupeane uzoefu

Mwl_Rombo
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa stesheni ya Tabora nasubiri treni ya Kigoma. Pembeni yangu kijana mmoja, lafudhi ya Kenya kabisa, ana godoro limekunjwa, ndoo mbili zimepachikwa moja ndani ya nyingine na boksi la vitabu limefungwa kamba ya katani. Namuuliza anaelekea wapi, ananiambia anashuka Kaliua, kuna shule inamsubiri, anakwenda kujitolea kufundisha Hisabati. Tanzania ndiyo kwanza anaikanyaga. Nilimnunulia chai na chapati tukaongea mpaka treni ikaingia, na tangu hapo mawazo yangu yote yako Uvinza, ambako nami niliingia vilevile na godoro langu, simjui mtu.

Naomba tupeane uzoefu. Ulifikia kwa nani, ulikula nini, wanafunzi walikuwaje, nini kilikutoa machozi. Waliotoka Kenya, Kongo, Burundi, Ulaya, karibuni. Na sisi wa Kilimanjaro tuliojipeleka Uvinza tuhesabiwe humohumo, safari ile ni ya nje ya nchi kasoro pasipoti.

BintiKitui
Mwalimu, umenigusa. Mimi ni Mkenya, nilijitolea Urambo, sekondari ya kata, Kemia na Baiolojia. Walionileta walisema nitapewa nyumba ya mwalimu. Nyumba nilipewa kweli, ila mlango wa nyuma hauna, choo kimetitia, na simu zangu hawakupokea tena. Jioni ile alikuja mama jirani, mjane, mkulima wa tumbaku. Akazunguka nyumba yote kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hapa hulali." Akabeba ndoo yangu kichwani akatangulia. Nililala chumba kimoja na binti zake mpaka siku naondoka Urambo. Kodi alikataa katakata. Nikawa nanunua sabuni na mafuta ya kula, basi.

Asubuhi wale mabinti walipiga magoti kunisalimu, na mimi nina umri wa dada yao. Chakula kilikuwa ugali, mlenda, michembe na karanga, na mvua zikianza, uyoga wa porini. Sijala uyoga kama ule tena.

Kigumu kilikuwa tumbaku. Mvua zikishika, miche inahamishiwa shambani. Ikifika Februari, Machi, majani yanachumwa, na hapo ndipo darasa linapopukutika. Unaita majina, nusu hawaitiki. Siku moja mama akanipeleka bani, banda la kukaushia tumbaku, nikaone. Majani yakishaingia bani, moto haulali. Lazima mtu akeshe siku kadhaa akiuchochea. Ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, na mwaka mzima wa familia umekwenda. Kwenye nyumba isiyo na baba, anayekesha ni mtoto wa kidato cha pili. Toka siku hiyo nikawa nafundisha jioni palepale bani, ubao kipande cha mbao, moto ndio taa. Mada ya mwako sikuhitaji maabara. Waliziba tundu la hewa wakauona moto unavyonywea, wakalizibua ukaruka.

Kanyenye_Mjini
Michembe na karanga! Dada umenirudisha mbali sana.

Mzalendo_Igunga
Dada nakuheshimu, lakini mtoto kukesha bani ni ajira ya watoto, tusiipambe. Kazi ya mwalimu ni kumtoa mtoto kwenye moshi, wewe ukapeleka ubao kwenye moshi.

BintiKitui
Ningemtoa nimpeleke wapi, ndugu yangu? Zao lile ndilo daftari lake. Nilienda kwa wazazi, nilienda kwa mtendaji wa kijiji, niliongea. Wakati naongea mtihani unakaribia.

MtotoWaBani
Jamani, mimi ndiye huyo mtoto mnayemgombania. Kaliua, sio Urambo, lakini bani ni bani. Hela yangu ya chuo ilitoka kwenye tumbaku, sitaidharau. Ila Mzalendo naye anasema kweli. Ukichuma majani mabichi asubuhi yakiwa na umande, maji yale yanaingia mwilini kupitia ngozi. Kichwa kinazunguka, unatapika, unalala mchana kutwa. Tulikuwa tunadhani ni malaria. Mwalimu wetu wa kujitolea, kijana wa Mbeya, ndiye aliyetuambia tusichume kabla jua halijakausha umande na tuvae mikono mirefu. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi. Hilo halikuwa kwenye muhtasari wa somo lolote.

Mwana_Fizi
Sisi wa ng'ambo ya ziwa tunaruhusiwa kuchangia? Wazazi walinivusha kutoka Fizi, Kongo, nikiwa mdogo, nikakulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 huku Kasulu. Nilipomaliza sekondari nikapewa darasa humohumo kambini. Mkimbizi haajiriwi, kwa hiyo tunaitwa wa kujitolea, tunapata motisha, hela ya sabuni na viatu. Shule zetu zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi mtoto asianze upya.

Sasa chukueni mtoto aliyezaliwa Kasulu. Nyumbani anasema Kibembe, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa, Kongo hajaiona. Mimi nasimama mbele yake namchorea mito ya Kongo. Mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, Lualaba ni kubwa kuliko Malagarasi?" Nikamwambia ni kubwa zaidi sana. Akauliza kama nimeiona. Sijaiona. Tulibaki tunatazamana na ramani yangu ya chaki. Warundi walipokuja 2015 tulibanana mno, wengine wakasomea chini ya miti, wingu likijikusanya kila mtu anashika daftari lake tumboni anakimbia. Nimeishi ugenini maisha yangu yote na kazi hii naipenda.

Mwl_Rombo
Karibu sana ndugu yangu. Endelea kutuandikia.

NguvuKazi
Mimi nina dukuduku. Mnawasifia wanaotoka nje, wenyewe wanakuja na tiketi, bima na posho kutoka kwao, wakiondoka wanaagwa kwa ngoma na khanga. Kijana wa Kasulu mwenye shahada ya ualimu anajitolea shule hiyohiyo, anafundisha vipindi vingi zaidi, anaombea ajira kila tangazo linapotoka, na hakuna anayempikia hata chai. Huyo mbona hana uzi wake?

BintiKitui
Posho gani? Soma nilichoandika.

NguvuKazi
Sijakusema wewe.

Mwl_Mkongwe
Wanangu, msigombane. Nilikuwa mkuu wa shule Kasulu na nasema kwa uchungu kwamba NguvuKazi ana hoja. Zamani wazazi walichanga kidogokidogo, mwalimu wa kujitolea akapata chochote mwisho wa mwezi. Ada ilipofutwa Januari 2016 watoto walifurika, na nilifurahi kuwaona, wapo waliokuja na miaka kumi ndio wanaanza darasa la kwanza. Lakini michango ikawa jambo la kuogopa. Mkuu wa shule akiwaomba wazazi debe la mahindi kwa ajili ya mwalimu, kesho anatakiwa kujieleza. Vijana wangu wawili walikuwa wanakula kwangu usiku, mke wangu anaongeza maji kwenye maharage. Mmoja alikwenda kuendesha bodaboda, naye ndiye alikuwa fundi wa Fizikia kuliko wote.

Na kwa kuwa wageni wametajwa, viboko ndivyo vilikuwa vinawatia majaribuni. Wanaona mwalimu yeyote ameshika fimbo. Kanuni ya 2002 iko wazi: visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike, na vinaandikwa kwenye kitabu. Nilikuwa nawaonyesha kitabu.

Mzalendo_Igunga
Mzee shikamoo. Kitabu kilikuwepo, lakini shule ngapi zilikiandika?

Mwl_Mkongwe
Marahaba. Yangu iliandika.

Mwana_Pangani
Nimesoma hapo juu "Warundi walipokuja 2015" nikashindwa kuendelea na kazi. Nilikuwa Kagunga.

Kwa wasiopajua, Kagunga ni kijiji cha ufukweni, kaskazini kabisa, mpakani na Burundi. Mbele ziwa, nyuma mlima. Mimi mtoto wa Pangani, maji si mageni kwangu, nikasema hapa nimefika nyumbani. Nilijitolea shule ya msingi, nilikaa kwa mvuvi mmoja na mkewe. Usiku taa za dagaa zinatapakaa ziwani, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, na siku hizo ndizo baba mwenye nyumba alinifundisha Kiha.

Mwisho wa Aprili wakimbizi wa Burundi wakaanza kufika. Kwanza familia mbili tatu, zikapokelewa kama jamaa. Mei ikiingia, kila alfajiri unakuta ufuko umejaa watu, wengine wameshuka mlimani na watoto mgongoni. Uwanja wa mpira haukuonekana ardhi. Makumi ya maelfu ya watu kwenye kijiji kile! Walilala nje, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikaingia.

Sisi walimu tukaombwa kuandika majina, maana tuna mwandiko na tuna madaftari. Kiha na Kirundi watu wanasikilizana, kwa hiyo nilimchukua binti wa darasa la sita awe anawauliza, mimi naandika. Jina, mahali anakotoka, watoto wangapi. Kila akiuliza kuhusu watoto, mama mwingine anataja watano, tunahesabu waliopo ni watatu. Binti yule hakulia hata mara moja. Mimi ndiye niliyeinuka nikaenda nyuma ya mti.

Kisha usiku baba mwenye nyumba akaniamsha. Mtoto wake mdogo, mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, anaharisha maji kama yaliyooshewa mchele, macho yamedidimia, ukibana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Tulimbeba kwenye khanga mpaka zahanati. Watu wamelala sakafuni hadi nje, dripu zimefungwa kwenye matawi, na vifuko vya dawa ya kuongeza maji vimeisha, vinasubiriwa kwa boti. Nesi hakuwa na hata muda wa kutuangalia usoni. Alisema tu, "Tengenezeni wenyewe, mnyweshe, msiache." Lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vidogo vya chai, chumvi nusu kijiko. Mama yake alikimbia nyumbani kuleta sukari, mimi nikashika kijiko. Akitapika nasubiri kidogo, naanza tena. Kijiko, kijiko. Baba yake ameshika miguu yake ya baridi anamwita, "mwanangu, mwanangu." Karibu na alfajiri akakojoa. Nesi alipopita akaona khanga imelowa akasema, "Huyu anarudi." Vifuko vilifika asubuhi.

Siku hizo ndipo meli ya Liemba ilipoletwa kuwachukua wakimbizi. Kagunga haina gati, meli inasimama mbali, watu wanapelekwa kwa boti ndogo, kiasi cha mia sita kwa safari, wanakwenda kushushwa Kigoma, wanafikia uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya Nyarugusu. Meli ile ya Wajerumani ya 1913 nimeisikia ikipigiwa hadithi nyingi za vita. Mimi hadithi yangu nayo ni hiyo.

Kanyenye_Mjini
Nimeacha kula.

MtotoWaBani
Yule mtoto yuko wapi sasa?

Mwana_Pangani
Yuko hai, mkubwa, anavua dagaa na baba yake. Hunipigia kila Idi. Yule binti wa majina ni nesi mwanafunzi.

Mwana_Fizi
Basi mimi niliwapokea hao hao ulioandika majina yao. Walishuka kwenye mabasi na watoto wakaletwa darasani kwetu. Kaka, mkono wako na wangu vimepokezana bila sisi kujua.

NguvuKazi
Mwana_Pangani ulilipwa nini kwa yote hayo?

Mwana_Pangani
Samaki na mawese. Na ajira bado naisubiri, kaka, kwa hiyo maneno yako hapo juu nayaunga mkono yote.

Mwl_Rombo
Wakuu, yule kijana wa Kaliua nina namba yake, nitamtumia uzi huu. Tumwekee na ushauri.

BintiKitui
Atafute mama wa kumlea kabla hajatafuta nyumba.

Mzalendo_Igunga
Hapana, akae nyumba ya shule hata kama haina mlango, aombe mlango. Akihamia kwa watu, shule haitajenga milele.

Kanyenye_Mjini
Chandarua. Baiskeli. Asikopeshe mtu hela mwezi wa kwanza.

MtotoWaBani
Akopeshe, atajulikana haraka. Na akipewa asali asiulize bei, ni zawadi, apokee kwa mikono miwili.

Mwl_Mkongwe
Kibali chake cha kuishi nchini atoe nakala, moja aache kwa mkuu wa shule, nyingine atembee nayo. Barabara za huku zina vizuizi. Vijana wetu wenyewe wa Kiha huulizwa uraia wao kwenye basi, sembuse mgeni.

Mzalendo_Igunga
Na umande asubuhi asiwaruhusu watoto wachume.

Upendo_Mwandiga
Samahani nimechelewa. Mwana_Pangani, mdogo wangu amepata nafasi ya kujitolea Kagunga kuanzia Januari. Anafikaje? Tuko Mwandiga.

Mwana_Pangani
Dada Upendo, ashuke mpaka Kibirizi, boti za kaskazini zinapakia pale. Awahi kabla ya mchana apate nafasi katikati ya boti, mbele analowa na nyuma kuna moshi wa injini. Vitabu avifunge kwenye nailoni mara mbili. Nitumie jina lake pembeni, nimpigie baba mwenye nyumba amsubiri ufukweni.