Hesabu ya marinda mnayotuuzia ni ya uongo, na kitambaa kikishakatwa hakirudi

Wanajukwaa, nawasalimu. Si kawaida yangu kufungua uzi nikiwa na hasira, na huu nimeuahirisha siku nne nikingoja zipoe, lakini kila nikiingia chumbani nikaikuta ile sketi imening'inia nyuma ya mlango ikiwa na ngazi mbili badala ya tatu, zinarudi palepale.

Nililipa shilingi 15,000 kuingia katika kundi la WhatsApp la mwalimu mmoja wa ushonaji, ambaye sitamtaja, ili nifundishwe sketi ya marinda ya ngazi tatu yenye lastiki kiunoni. Maelekezo yake nimeyahifadhi, kwa hiyo siyasemi kwa kukumbuka. Alisema tununue kitenge yadi 3, tupime nyonga, ngazi ya kwanza iwe mara mbili ya nyonga, na kila ngazi inayofuata iwe mara mbili ya ile iliyo juu yake. Kila ngazi iwe na urefu wa inchi 12, tuongeze inchi 1 ya mishono. Akamalizia kwa kusema kwamba hata asiyewahi kushika mkasi angeivaa sketi yake jioni ileile.

Nilifunga safari hadi Kariakoo, nikachagua kitenge cha buluu chenye ndege, nikakifua na kukipiga pasi kabla ya kukata (hilo nililijua mwenyewe, mwalimu hakuligusa, na asiyefua kwanza atakuja kuona sketi inavyopanda juu ya kifundo cha mguu baada ya kufuliwa mara ya kwanza). Nyonga zangu ni inchi 40. Ngazi ya kwanza inchi 80, ya pili 160. Upana wa kitenge ni takribani inchi 45, kwa hiyo nilikata vipande viwili vya ngazi ya kwanza na vinne vya ngazi ya pili, vyote kwa kukatisha upana ili ndege wasimame wima wasije wakalala ubavu. Nilipofika ngazi ya tatu, iliyotakiwa kuwa na inchi 320, nilikuwa nimebaki na kitambaa cha vipande viwili tu. Inchi 90! Yaani pindo la chini, ambalo ndilo linalopaswa kuwa pana kuliko yote, lingekuwa karibu nusu ya ngazi iliyo juu yake.

Nilidhani nimekosea kukata. Nikapima upya, nikahesabu upya, nikamwendea fundi wa mtaani kwetu, mama wa makamo anayeshonea barazani kwake kwa cherehani nyeusi ya Butterfly. Hakuuliza mengi. Alichukua chaki, akaandika mezani: vipande 2, vipande 4, vipande 8, jumla 14, mara inchi 13, ni inchi 182. Akaigawa kwa 36. "Hizi ni yadi 5 na ushee, mwanangu. Huyo kakutuma dukani na nusu ya mzigo." Kisha akafanya hesabu ya pili, ya kuzidisha mara moja na nusu badala ya mara mbili: 60, 90, 135. Hapo vipande vinakuwa 2, 2 na 3, jumla inchi 91, na yadi 3, ambazo ni inchi 108, zinatosha na chenji inabaki ya kupindia lastiki. Inchi mbili tatu zinazoliwa na mishono ya kuunganisha hazionekani kabisa ndani ya marinda.

Sasa naomba mnielewe vizuri kinachoniudhi. Mara mbili si kosa, na mara moja na nusu si kosa. Ya kwanza inatoa marinda mazito, ya pili inatoa mepesi yanayofaa zaidi kitambaa kigumu kama kitenge. Kosa ni kuchukua kipimo cha kitambaa kutoka hesabu moja na kizidisho kutoka hesabu nyingine, kisha kuwauzia watu kama somo, jambo linalonifanya niamini kwamba mwalimu huyu hajawahi kuishona sketi anayoifundisha kwa vipimo anavyovitaja.

Na hata kwenye kuvuta marinda kwenyewe alituruka. Video inamwonyesha akipitisha mshono mmoja, kisha inakatika, na inaporudi marinda yameshajipanga. Nilifuata vivyo hivyo, nikavuta, uzi ukakatika katikati ya inchi 160. Fundi ndiye aliyenionyesha kwamba hupitishwa mishono miwili sambamba, kwa hatua ndefu kuliko zote za cherehani, bila kurudisha nyuma mwishoni, ikiachwa mikia ya uzi. Ngazi hugawanywa robo nne, robo hizo hubanwa kwa pini kwenye robo za ngazi ya juu, na kila robo huvutwa peke yake kwa uzi wa chini, ule wa bobini, taratibu, mpaka ilingane. Mshono wa kudumu hupita katikati ya ile miwili, upande wenye marinda ukiwa juu ili uyaone yanavyoingia chini ya mguu wa cherehani. Dakika kumi za maelezo, bure, barazani. Mwalimu wangu wa kulipwa alituambia tu kwamba uzi ukikatika tutumie zigizaga juu ya uzi wa nailoni, kana kwamba hajui kuwa wengi wetu majumbani tuna cherehani za kukanyaga zinazoshona mshono mnyoofu peke yake.

Nilimwandikia kwa adabu, nikamwekea hesabu yote. Alijibu kwamba kitambaa changu kilikuwa chembamba kuliko vya wenzangu. Nilipomwomba anitajie kitenge chenye upana wa kuzaa inchi 320 kutoka vipande viwili, aliniondoa kwenye kundi.

Sidai anifundishe tena. Nadai aandike kwenye tangazo lake kiasi sahihi cha kitambaa, kabla ya jina la somo na kabla ya bei, kwa sababu mshono mbaya unafumuliwa, lakini kitenge kilichopigwa mkasi hakiungiki kikawa yadi 5. Nadai pia fedha zangu. Namba yangu anayo. Ndiyo iliyomtumia zile shilingi 15,000.