Tupeane uzoefu: kitu chako cha kwanza kufuma kwa mkono kilikuwaje? (vitambaa, sweta, vitu vya watoto)

Mama Kemi
Habari zenu wapendwa. Juzi nimehama nyumba, kwenye kufungasha nikakuta kibeti cha marehemu mama. Ndani kuna kroshia yake ile ya spoku ya baiskeli, baba alimsugulia kwenye jiwe akaipinda ncha, na kitambaa cha kochi kimeishia nusu, uzi bado unaning'inia. Nikakaa chini sakafuni, dereva wa kirikuu anapiga honi nje mie nalia tu. Mama alinifundisha nikiwa darasa la tano, nikajua mishono ya cheni na dabo basi, nikaenda sekondari nikaacha. Sasa nataka nikimalize kile kitambaa, na mdogo wangu ana mimba ya miezi saba nataka nimfumie na yeye kitu. Kipi rahisi kwa mtu anayeanza upya? Na nyie cha kwanza kilikuwaje? Andikeni yaliyowakuta wenyewe.

Kwiyeya
Pole sana dada. Umenikumbusha mbali.

Bwenini2004
Mimi nilijifunzia bweni, Iringa, baridi ya mwezi wa sita ile mnaijua. Tulikuwa hatuna sindano tukachonga vijiti vya mianzi tukavilainisha kwa kipande cha chupa. Nikaanza skafu ya baba, vitanzi 36, mshono wa mbele tu kwenda na kurudi, hakuna kitu rahisi kama hicho dunia nzima. Nafuma prepo chini ya dawati, nafuma nikiwa kitandani, likizo imekaribia nahesabu vitanzi nakuta 61! Skafu imeanza nyembamba kama tai imeishia pana kama taulo la kuogea. Nililia nikataka kuifumua yote, matroni ndio akanishika mkono, akaniuliza uzi ukigeuza kazi unauweka wapi, nikamwonesha, kumbe nilikuwa naupitisha juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza kinajivuta kinaonekana viwili na mimi navifuma vyote viwili. Kila nikigeuza vibaya hivyo naongeza kimoja. Uzi ukae mbele chini ya sindano ndio ugeuze. Na kila mistari mitano hesabu, usione uvivu. Baba aliivaa vile vile miaka na miaka, upande mwembamba anauingiza ndani ya koti.

Kwa hiyo dada anza na skafu ya mdogo wako, ya mtoto baadaye.

Shangazi wa Moshi
Skafu Dar ya nini jamani. Anza na kikalio cha kikombe, duara tu, unamaliza jioni moja unapata moyo. Dabo 12 katikati, mzunguko wa pili 24, wa tatu 36, kila mzunguko unaongeza 12. Likijikunja kama bakuli umeongeza chache, likifanya mawimbi umezidisha. Ukilijua duara umejua kofia, umejua kava la mto, umejua zulia la mlangoni.

Bwenini2004
Hajasema yuko Dar, shangazi.

Binti Mtoni
Samahani naomba niweke sawa kidogo, naona huwa mnachanganya kufuma na kudarizi. Ya kroshia na sindano mbili ndio kufuma. Ya kutia maua kwenye shuka kwa sindano na uzi wa rangi ni kudarizi.

Mzaramo Halisi
Binti Mtoni sisi mama zetu walifuma mashuka, foronya na vitambaa vya meza, kitambaa kipo tayari wanakibana kwenye fremu ya duara wanatia maua. Walisema kufuma. Leo uje useme wamekosea?

Binti Mtoni
Sijasema wamekosea nimesema neno lake ni kudarizi. Huku kwetu Unguja ukisema unafuma kofia watakushangaa, kofia ya mkono inashonwa, vitambaa viwili vimelaliana, unapitisha sindano kishimo kwa kishimo, miezi inapita hujamaliza moja.

Mzaramo Halisi
Na hapo sasa hujasema kudarizi umesema kushona.

Binti Mtoni
Kwa sababu kofia INASHONWA.

Kwiyeya
Mtu kaja na kitambaa cha marehemu mama yake nyie mnagombania maneno. Tuendelee.

Wa Nyeri
Huku Kenya kila sitting room ya cucu (nyanya, bibi kwenu) ilikuwa na vitambaa, kwa sofa, kwa redio, kwa TV, hadi kwa thermos, na ukikalia sofa kikianguka unaangaliwa vibaya. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kufunika redio, nikaipiga na sukari ndio isimame. Unachemsha maji na sukari, unachovya, unakitandaza kwa jua. Ilisimama vizuri sana, asubuhi redio yote imejaa sisimizi wanaingia kwa spika. Cucu hakunichapa lakini hakuongea na mimi hadi Jumapili.

Shangazi wa Moshi
Sukari hapana. Kanji ya muhogo, uji mwepesi sana, uchuje kwa kitambaa usiwe na mabonge.

Mama Tatu Arusha
Uji wa muhogo mende nao wanaupenda. Mimi sitii kitu, napiga pasi kikiwa kibichi, pamba inakaa yenyewe.

Wa Nyeri
Pasi kwa uzi wa pamba sawa. Lakini hii uzi ya sweta inang'aa ya plastiki usijaribu, inalegea inakuwa kama kamasi na hairudi tena.

Baba Pacha
Naomba na mimi niseme japo ni mwanaume. Wanangu walizaliwa miezi saba. Wadogo, mkono wao mzima unashika kidole changu kimoja tu. Tukawa tunawabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mama yao mmoja na mimi mmoja, nesi akasema kofia zisitoke kichwani joto linapotelea huko. Za dukani zote zinawafunika mpaka kidevuni. Kulikuwa na bibi mmoja amekuja kumuuguza mjukuu wake, ana kroshia, akanifumia mbili akaniambia sasa tazama mkono wangu, ya tatu utafuma wewe. Nimefuma usiku kwenye benchi la nje na taa ya simu. Ya kwanza ilitoka ndogo kama kifuniko cha yai nikaitunza. Ya pili ikakaa. Nilifuma tisa kabla hatujaruhusiwa, saba tukaziacha wodini kwa wenzetu.

Dada kwa mtoto wa mdogo wako, uzi laini usio na manyoya, maana manyoya anayavuta puani. Usiweke vifungo, atavinyofoa ameze. Na ukifuma blanketi usitumie mishono yenye matundu makubwa, vidole vya kichanga vinaingia vinabanwa. Kichwa cha aliyetimiza miezi yake mzunguko wake ni kama sentimita 35, kofia iwe pungufu kidogo ili ishike. Na akilala nyumbani kofia mvue.

Kijana wa Makambako
Mwanaume kufuma 🤔

Mama Tatu Arusha
Sweta ya shule uliyovaa nani alikufumia? Mafundi wa mashine za sweta niliowahi kuwaona mimi wengi wanaume. Muache baba wa watu.

Kijana wa Makambako
Nimeshangaa tu sikuwa na ubaya. Hongera kaka, wanao wako vipi?

Baba Pacha
Wako darasa la pili. Asante.

Nanasi Saba
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini hicho kitambaa kilichoishia nusu kimenitonesha, ngoja niseme nipumue.

2016 nina mimba ya pili, daktari kasema nilale tu nisifanye kazi yoyote. Nikaamua nifume seti ya makochi vipande saba, mtindo wa nanasi, uzi wa pamba mweupe, kroshia ndogo kabisa ile inachoma kidole mpaka kinaota sugu. Miezi mitatu na nusu nafuma nimelala ubavu. Kipande cha saba uzi ukaniishia, nikamtuma mtu duka lile lile akaleta mweupe, usiku unafanana, mchana ukiweka juani mmoja chokaa mwingine maziwa. Na nanasi la mwisho pale konani nilikosea, badala ya kupunguza nikarudia mistari miwili, likawa na shingo ndefu. Sikufumua maana uchungu ulinianza usiku ule ule.

Mtoto ana miezi kama mitano mume wangu akasema mama yake kijijini ameviona kwenye picha kavipenda. Nikasema mama mkwe nampenda, apelekewe. Nikavifua, nikapiga pasi, nikavikunja mwenyewe kwenye mfuko.

Sasa kikoba chetu kinazunguka nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata akaingia mwanachama mpya, dada mzuri, mpole, zamu ikafika kwake. Tumeingia, karibuni karibuni, nakaa kwenye kochi, naweka mkono pale pembeni, na kidole kikaenda chenyewe kwenye ile shingo ya nanasi. Sikuangalia kwanza. Nilijua kwa kidole. Halafu nikageuza macho dirishani jua linapiga, nusu chokaa nusu maziwa.

Mtoto kaamka narudi.

Mama Tatu Arusha
WEEE. Rudi hapa.

Kwiyeya
Mwili umenisisimka.

Bwenini2004
Labda mama mkwe aliviuza? Tusihukumu haraka.

Wa Nyeri
Auze kwa nani huko kijijini hadi zifike kwa huyo dada wa chama yenu? Mimi ningevitoa moja moja mbele ya watu wote nikiweka kwa handbag.

Shangazi wa Moshi
Hapana, mbele za watu unajidhalilisha. Unakunywa chai unaondoka unampigia mama mkwe.

Kijana wa Makambako
Muulize mume kwanza.

Mama Tatu Arusha
Mume atasema nini cha ziada? Dada rudi, sufuria langu linaungua huku.

Niko Uswidi
Wakati tunamsubiri niseme langu. Huku wanauza sufu halisi ya kondoo, mimi nimezoea uzi wa nyumbani unafua hata na maji ya moto. Nikamfumia rafiki yangu sweta, miezi miwili, akaitia mashine nyuzi joto 60, imetoka inamtosha mdoli, imeshikana huwezi hata kuona mshono. Ukimpa mtu kitu cha sufu mwambie maji ya baridi, asisugue, asining'inize, akitandaze kikauke.

Nanasi Saba
Nimerudi. Nilimuuliza kwa upole, mwenzangu vitambaa hivi nani kakufumia? Akajibu bila wasiwasi, mchumba wangu kaniletea, anasema ni kazi ya dada yake. Dada yake! Nikasema dada yake ana mkono mzuri. Nikanywa chai, nikaweka hisa zangu, nikaondoka. Yule binti alikuwa hajui lolote, ningemkosea kumfedhehesha nyumbani kwake.

Mume sikumwambia kitu usiku ule. Nilikuwa na kibonge kidogo kilichobaki cha ule uzi wa maziwa. Nikafuma kipande cha nane, nimekaa naye sebuleni anaangalia mpira, nafuma mbele yake na hakuuliza. Nanasi la konani nikaliwekea shingo ile ile ndefu, mistari miwili ya kurudia. Nikamtafuta yule dada kwake siku isiyo ya kikoba, nikamwambia nimekuletea kilichopungua. Nikakilaza pembeni ya mwenzake. Akaangalia hiki, akaangalia kile, akakaa chini. Hatukusema neno mpaka natoka.

Baada ya wiki vitambaa vyote vikarudi kwa bodaboda, vimefuliwa, vimetiwa kanji, vimefungwa kwenye kanga. Kikoba akaacha. Ya mume yalikaliwa na wazee na sio ya kuandika hapa. Vitambaa nilivipeleka mwenyewe kijijini, kumbe mama mkwe hakuwahi hata kuambiwa habari yake. Viko kwenye makochi yake mpaka leo, vipande nane.

Mama Tatu Arusha
Nimekaa chini.

Binti Mtoni
Kipande cha nane. Allah akulipe kheri dada.

Mzaramo Halisi
Hapo tuko pamoja Binti Mtoni.

Kwiyeya
Kwa hiyo uko naye bado?

Shangazi wa Moshi
Kwiyeya, mwenyewe kasema sio ya kuandika hapa. Turudi kwa mwenye uzi wake. Mama Kemi kile kitambaa malizia kwa rangi ile ile, peleka kipande dukani mchana ulinganishe nje kwenye mwanga, sio ndani kwenye taa.

Niko Uswidi
Mimi ningebadili rangi kabisa, ijulikane mama aliishia hapa mtoto akaanzia hapa.

Bwenini2004
Hapana, rangi mbili zitaonekana kiraka.

Mama Kemi
Nimesoma vyote asanteni, Nanasi Saba nimelia tena. Jana nilienda Kariakoo nikatoka na kile kitambaa mpaka barabarani kwenye jua, maduka manne, mweupe wa mama haupatikani, wake umeshageuka rangi kwa kukaa kabatini. Nimechukua bluu. Kofia ya mtoto nimeanza kwa duara la shangazi, ile ya Baba Pacha bila vifungo. Kile cha mama nimefuma mzunguko mmoja kwa kroshia yake, umetoka mawimbi matupu, nimeufumua.

Shangazi wa Moshi
Umezidisha dabo. Za mama yako ngapi mzunguko wa mwisho?

Mama Kemi
Nahesabu sasa hivi. 96.

Shangazi wa Moshi
Basi 108. Taratibu.