Kichwa cha treni cha modeli kilichoundwa kwa mkono, nitajuaje asili yake?

Reli_Ndogo:
Wadau habari zenu. Nimechukua mtumba modeli ya injini ya mvuke, haina boksi wala jina la kiwanda popote. Bodi ni bati la shaba limelehemiwa kwa mkono, magurudumu ni 0-6-0 (yaani sita ya kuendeshea tu), mbele ina bafa mbili (vile visahani vya kuzuia mgongano) na ina tenda, kale kabehewa ka makaa na maji. Rangi nyeusi, ubavuni namba ina tarakimu tano ila inasomeka 654 tu, mbili za mwisho zimefutika. Inakaa kwenye reli ya milimita 16.5. Aliyeniuzia anadai ni ya Kimarekani, mi naona kama kanipiga fiksi. Naanzia wapi?

fundi_tupa:
Ina bafa mbili mbele halafu iwe ya Kimarekani, wakati za kwao kwa kawaida hazina? Acha utani mkuu 😂 Hiyo 16.5 nayo isikuchanganye, vipimo vya modeli vya HO (1:87) na OO ya Waingereza (1:76) vyote vinatembea reli hiyohiyo. Namba ndo inaongea: reli za Uingereza zilipotaifishwa 1948, injini zilizotoka kampuni ya LNER namba zao ziliongezewa 60000, na kwenye hizo zinazoanza na 654 nyingi ni aina ya J15, zile za kampuni ya reli ya Great Eastern zilizoanza kuundwa 1883. Chukua vernia (kipimio cha taya) upime gurudumu la kuendeshea. La J15 halisi lilikuwa futi 4 inchi 11, kwa hiyo OO utapata milimita 19.7 hivi, HO ni kama 17.2.

Reli_Ndogo:
Nimepima imekuja 19.6, asante sana aisee! Sasa aliyeiunda? Mota ni X04 ya Tri-ang, kiwanda cha treni za kuchezea cha Uingereza, na kwenye tenda kuna kasimba kamesimama juu ya gurudumu.

bati_na_solda:
Mota usiitegemee sana, hizo hubadilishwa kama betri. Simba huyo ni nembo ya reli za Uingereza ya kabla ya 1956, inakwambia kipindi ambacho fundi alitaka kukionyesha, siyo mwaka aliokaa mezani kuiunda. Mi ningevua bodi niangalie kwa ndani. Bati la seti ya kununua huwa limechongwa kwa tindikali, kwenye mikunjo utaona mifereji iliyonyooka na ribiti zimepangika sawasawa. La kukata kwa msumeno utakuta mistari ya sindano ya kuchorea, alama za tupa, na ribiti zilizogongwa kwa nyuma zinayumbayumba kidogo. Angalia pia chini ya paa la kabini, wengi walikuna herufi za majina yao na mwaka huko. Na tafadhali usiioshe kwa thina, rangi na namba ndo ushahidi wenyewe.

fundi_tupa:
Ukishafungua cheki na ndani ya boila. Kama uzito ni punje za risasi zilizogandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao zitoe mapema, zikipata kutu zinavimba mpaka zinapasua viungo vya solda.

Reli_Ndogo:
Boila ina kipande kimoja kizima cha risasi, kimefungwa kwa skurubu. Chini ya paa kuna "R.H." imekunwa, mwaka hakuna.