Kukadiria kazi ya umeme wa nyumba: je, bei kwa pointi inatosha?

Mkondo_Imara:
Wakuu, nina ramani ya nyumba ya chini, vyumba 3 vya kulala, kuta za tofali za saruji, kondwiti (mabomba ya kupitishia waya) zinafukiwa ukutani. Kuna taa 16, soketi pacha 18, jiko la umeme 1, na hita ya maji ya papo kwa papo ya kW 7.5 kwenye vyumba vya nyuma, mita 50 kutoka DB (boksi la breka). Mteja anataka bei moja ya jumla, vifaa na ufundi. Kuzidisha pointi (kila taa, soketi au kifaa) kwa bei ya pointi ni kazi ya dakika chache, lakini taa ya mlangoni na hiyo hita haziwezi kuwa kitu kimoja. Mnapangaje? Na faida mnaiweka hatua gani?

Rula_na_Ramani:
Mkuu, bei ya pointi iache iwe ya kujikagua mwishoni. Makisio yenyewe yaanze na vipimo, sakiti (njia ya waya yenye breka yake) moja baada ya nyingine.

Ramani inakuonyesha nyumba kwa juu tu. Mishuko ya ukutani haimo. Chukua sakiti ya soketi 6: DB iko mita 9 kutoka soketi ya kwanza, halafu mita 4 kati ya soketi na soketi. Kwenye karatasi ni mita 29. Sasa weka dari mita 2.7, soketi mita 0.3 kutoka sakafuni, DB mita 1.5. Kutoka DB hadi soketi ya kwanza ni 1.2 + 9 + 2.4 = 12.6. Kila soketi inayofuata unapanda 2.4, unakwenda 4, unashuka 2.4: jumla 8.8, mara 5 ni 44. Ongeza mikia ya sentimita 20 kwa kila ncha ndani ya boksi (ncha 11) na mita 1 ndani ya DB. Unafika karibu mita 60. Hapo ni laini (waya wa moto) peke yake. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) na athi (waya wa usalama uendao ardhini) zinafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo ni mita 180, na ukiweka 10% ya upotevu ni 198.

Aliyepima ramani bila mishuko ana nusu ya waya, na kondwiti zake pia ni nusu. Hasara nyingi za kazi za nyumba zinaanzia hapa, si kwenye bei ya dukani.

Usigeuze kuwa roli mapema. Jumlisha kwanza nyumba nzima kwa ukubwa na kwa rangi, ndipo ugawanye kwa 100, mita za roli moja. Sakiti ile inataka mita 66 za kila rangi. Ukizungusha kila sakiti kivyake utamuuzia mteja mabaki mengi na bei yako itashindwa na ya mwenzako.

Hita itengee ukurasa wake. kW 7.5 kwa volti 230 ni takriban ampea 33, hivyo breka ya 40. Waya wa mm² 6 hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa mita 50 ni volti 12, zaidi ya 5% ya volti 230, na kiwango cha kawaida kwa sakiti zisizo za taa hakizidi hiyo 5%. Mm² 10 hupoteza milivolti 4.4, unabaki na volti 7.3 hivi. Kwa hiyo umbali ndio umekuchagulia waya, na mtaro wa nje nao unataka bei yake.

Athi_Kwanza:
Nakubaliana na vipimo. Mimi nasisitiza muda, maana vifaa ukivikosea kidogo unaona kwenye risiti, muda hauna risiti.

Gawa kila pointi kwa hatua: kuchana ukuta na kufunga boksi na kondwiti, kuvuta waya, kufunga nyuso (vifuniko vya soketi na swichi), kupima. Kwenye tofali la saruji kuchana ndiko kunakokula siku. Soketi 18 zenye mishuko ya mita 2.4 ni zaidi ya mita 40 za mifereji hata kabla hujahesabu zinazopanda na kushuka mara mbili. Na mwulize mteja mapema nani anaziba: mkisahau kuandika, ni wewe.

Halafu gharama ya saa. Tuseme malipo ya siku ya fundi na msaidizi ni 100, na usafiri, vifaa vya kazi, simu na ofisi ni 30 kwa siku. Wengi wanagawa 100 kwa saa 8, wanapata 12.5. Lakini ukitoa kusubiri vifaa, kupanga na kusafisha, saa za kazi halisi ni kama 6. 130 gawa kwa 6 ni 21.7. Tofauti hiyo inamaliza faida yote kabla hujaanza.

Faida iweke mwisho, juu ya gharama zote. Ukitaka 20% ya bei ibaki kwako, gawa gharama kwa 0.80: 100 inakuwa 125. Ukizidisha kwa 1.20 unapata 120, na faida ni 16.7% tu.

Mkondo_Imara:
Asanteni sana. Na nyumba ya zamani inayofumuliwa kidogo, nako naweka asilimia tu juu?

Athi_Kwanza:
Hapana mkuu, nenda ukapime, na ziara hiyo ilipwe. Zima umeme, fungua DB, angalia kama kuna athi kweli kwenye soketi na si waya uliokatwa ndani ya boksi. Chomoa vifaa vyote, kisha pima kihami (ganda la waya lisilopitisha umeme) kwa volti 500: sakiti chini ya megaohmu 1 usiipe bei ya kuongeza soketi juu yake, ipe bei ya kuvutwa upya. Angalia pia kama nyutro za sakiti mbili zimechanganywa, kwa sababu ukifunga RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya mA 30 itakuwa inakatika kila wakati na lawama ni yako.

Rula_na_Ramani:
Na kwenye karatasi ya bei andika visivyomo: kuziba na kupaka rangi, taa anazonunua mteja mwenyewe, ada za kuunganishiwa umeme, mtaro ukikuta mwamba. Weka siku za bei kudumu, 14 zinatosha, kwa sababu bei ya shaba hupanda na waya hupanda nayo. Pointi ya ziada iwe na bei iliyoandikwa tangu mwanzo, mbili tofauti: kabla ya plasta na baada ya plasta.

Malipo yafuate hatua za kazi: ya vifaa kabla hujanunua, ya pili kondwiti na boksi zikikamilika, ya tatu waya zikishavutwa, salio siku ya kupima na kukabidhi. Salio liwe dogo, lisiwe ndiyo faida yako yote.